Mshale Umepanda: Ni Injini, Sensa au Waya?

Mshale wa joto ukigusa H, madereva wengi hufanya jambo moja kati ya mawili. Wapo wanaosimama papo hapo na kuimwagia injini maji ya baridi. Wapo wanaoendelea na safari wakisema geji ya gari hili ni mbovu tangu linunuliwe. Wote wawili wanaweza kuua injini, na kosa lao ni lilelile: hawajui mshale ule unapata wapi habari zake.

Mshale hauoni injini. Huko kwenye injini, kwenye tangi na kwenye giaboksi kuna sensa inayogeuza joto, kina cha mafuta au mwendo kuwa umeme. Umeme huo hupita kwenye waya hadi kwenye mita, na mita ndiyo inayosogeza mshale. Kwa hiyo geji ikisoma vibaya, tatizo liko sehemu moja kati ya nne: ama kinachopimwa kweli kimeharibika, ama sensa imekufa, ama waya na soketi zake zina hitilafu, ama mita yenyewe. Fundi mzuri hutafuta kwanza ni ipi kabla hajakutuma dukani kununua spea. Na vifaa vya kutafutia si vya gharama: multimita ya kawaida, kipande cha waya na balbu ndogo ya gari ya wati 3.4.

Kabla ya kuwasha injini

Geuza ufunguo hadi ON, usipige stata. Taa zote za onyo lazima ziwake: cheki injini, oili, betri, ABS, eabegi. Ya eabegi hukaa kama sekunde 6 kisha huzima yenyewe. Za oili na betri hubaki zikiwaka hadi injini iwake, kwa sababu wakati huo hakuna presha ya oili wala alteneta haijazunguka.

Taa isiyowaka kabisa katika hatua hii inatisha kuliko inayowaka. Huenda balbu imeungua, lakini pia huenda mtu ameichomoa ili mnunuzi asijue kwamba gari lina tatizo. Anayekwenda kukagua gari lililotumika asikubali kulikuta tayari limeshawashwa. Azime, ageuze ufunguo ON mwenyewe, ahesabu taa.

Taa nyekundu inakutaka usimame mahali salama sasa hivi. Ya njano inakutaka ushughulike karibuni, isipokuwa cheki injini ikianza kuwakawaka huku unaendesha. Hapo injini inakosa kuchoma kwenye silinda fulani, na petroli isiyoungua inaingia kwenye katalisti, kile kisafisha moshi kwenye ekzosi, na kuiunguza. Punguza mwendo, usikanyage sana, elekea gereji.

Joto: geji yenye siri nyingi

Sensa ya joto ni kipande kidogo kilichochomekwa mahali maji ya injini yanapopita. Kadiri maji yanavyopata moto, ukinzani wake, yaani jinsi inavyouzuia umeme, unashuka. Ukinzani hupimwa kwa omu. Kwenye injini nyingi za Toyota, sensa ya nyaya mbili husoma omu 2,000 hadi 3,000 maji yakiwa nyuzi 20 za Selsiasi, na omu 200 hadi 400 yakiwa nyuzi 80. Ukiipima asubuhi Dar es Salaam kabla gari halijawashwa, utapata pungufu kidogo ya 2,000. Multimita ikionyesha hakuna mzunguko kabisa, sensa imekatika ndani.

Hapa pana mtego unaowagharimu watu wengi fedha. Kwenye injini za Toyota za zamani kidogo, mfano 4E, 5A na 7A, kuna vitu vitatu tofauti vinavyohusu joto. Ya kwanza ni sensa ya waya mmoja inayopeleka habari kwenye mshale. Ya pili ni sensa ya nyaya mbili, mara nyingi yenye soketi ya kijani, inayopeleka habari kwenye kompyuta ya injini. Ya tatu ni swichi ya feni. Mtu akinunua sensa ya kompyuta ili kurekebisha mshale, mshale hautabadilika hata kidogo, kisha ataambiwa mita imekufa. Kwenye injini mpya zaidi kama 1NZ, sensa ni moja tu. Inasema na kompyuta, na kompyuta ndiyo inayoiambia dashibodi na kuamuru feni.

Kwa sensa ya waya mmoja kipimo ni rahisi. Weka ON, chomoa waya wa sensa: mshale unapaswa kulala C. Unganisha waya huo kwenye chuma cha injini kupitia ile balbu ya wati 3.4: mshale unapaswa kupanda kuelekea H. Mshale ukifanya yote mawili, mita na waya ni wazima, badilisha sensa. Usiuache umegusa muda mrefu, na usiuguse chuma moja kwa moja bila balbu, maana mita za zamani zina waya mwembamba wa kupasha joto ndani na unaweza kuungua. Sensa ya nyaya mbili usiifanyie hivi. Hiyo chomoa tu soketi: kompyuta itawasha cheki injini na kujifanya maji yako nyuzi 80, na kwenye magari mengi feni itaanza kuzunguka. Feni ikizunguka, umejua pia kwamba mota na relei yake ni nzima.

Siri ya pili ni kwamba mshale huo umetengenezwa usisemeseme. Kwenye magari mengi ya miaka ya karibuni, maji yakifika kama nyuzi 75 mshale unasimama katikati na kuganda hapo hadi yapite nyuzi 100. Watengenezaji walifanya hivyo makusudi, maana madereva walikuwa wakipata hofu kila mshale ulipotikisika mlimani. Maana yake kwako ni hii: ukiuona umevuka katikati, hata kwa upana wa mshale wenyewe, joto limeshapanda sana.

Magari madogo kama Vitz, Passo, Demio na Fit, mengi hayana mshale wa joto kabisa. Yana taa ya bluu na taa nyekundu. Ya bluu inawaka injini ikiwa ya baridi na huzima baada ya dakika chache. Nyekundu ikiwaka au ikianza kuwakawaka, gari linachemsha. Ya bluu isipozima hata baada ya nusu saa ya safari, angalia kama themostati (vali ya maji ya injini) ipo. Kwenye gereji zetu imekuwa kawaida kuing'oa, eti nchi yetu ni ya joto haihitajiki. Hilo ni kosa. Themostati hufunguka kwenye nyuzi 82 hivi na kazi yake ni kuiwahisha injini kwenye joto lake. Isipokuwepo, kompyuta inadhani injini bado ya baridi na inaendelea kumwaga petroli nyingi. Mwenye gari analalamika gari linakula mafuta, anabadilisha plagi, anasafisha injekta, na kumbe kilichopungua ni themostati iliyotupwa.

Kisha namna mshale unavyopanda ina maelezo yake. Unapanda kwenye foleni na kushuka ukishika barabara kuu: tazama feni, relei yake na fyuzi yake, kwa sababu ukiwa kwenye mwendo upepo unafanya kazi ya feni. Uko sawa mjini lakini unapanda kwenye mlima wa Kitonga au unapotoka Mai Mahiu: rejeta imeziba ndani, au pampu ya maji imechoka, au gasketi ya hedi inapitisha. Mpira wa juu wa rejeta ukiwa mgumu kama jiwe dakika mbili tatu baada ya kuwasha injini ya baridi, ni gesi ya silinda inayoingia kwenye maji, na hapo gasketi au hedi yenyewe ina kesi ya kujibu.

Mfuniko wa rejeta unadharauliwa mno. Unabana maji kwa presha ya takribani kilo 0.9 hadi 1.1 kwa sentimita ya mraba ili yasichemke hadi yavuke nyuzi 115. Springi yake ikilegea, maji yanachemka kama kwenye sufuria. Usawa wa bahari hiyo ni nyuzi 100, lakini Nairobi na Mbeya, kwa sababu ya mwinuko, maji matupu huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Kutoka 82 ambapo themostati inafunguka hadi 94 ni nafasi ndogo sana. Ndiyo maana lipo gari linalokaa Tanga mwaka mzima bila shida, na likipanda Mbeya linachemsha siku ya kwanza, wakati dawa yake ni mfuniko mpya na kulanti (maji maalumu ya rejeta) badala ya maji ya bomba.

Na kuna hali moja ya kuogopwa kuliko zote: mshale unapanda hadi H, kisha unashuka ghafla bila sababu. Dereva anashukuru Mungu na kukanyaga mafuta. Mara nyingi kilichotokea ni kwamba maji yameisha. Sensa iliyokuwa imezama kwenye maji sasa imebaki kwenye hewa, na hewa haiipi joto kama maji. Injini inaungua na mshale unasema kuna baridi. Zima.

Gari likichemsha, zima eyakondishena, washa hita hadi mwisho, tafuta pa kuegesha. Mvuke ukiwa unatoka, zima injini mara moja. Mfuniko usiuguse hadi uweze kuushika mpira wa juu wa rejeta kwa kiganja bila kuutoa, jambo linalochukua nusu saa au zaidi. Maji ya baridi juu ya hedi ya alumini yenye moto yanaipinda au kuipasua, basi acha hata wazo hilo.

Mafuta kwenye tangi

Ndani ya tangi kuna boya kwenye mkono wa waya. Boya likipanda na kushuka, mkono unasugua kwenye ukanda wa ukinzani. Kwenye Toyota nyingi za zamani, tangi likijaa ni omu 3 hivi, na likiwa tupu ni omu 110. Aina nyingine zina namba zake, na nyingine huhesabu kinyume: magari mengi ya Kijerumani yenye geji za VDO yana omu chache tangi likiwa tupu na nyingi likijaa. Ndiyo sababu boya la gari jingine likifungwa kwenye gari lako, mshale unasimama nusu wakati tangi limejaa, na hakuna fundi atakayelirekebisha kwa kupinda ule mkono.

Ukijua namba hizo, mshale unakuambia waya uko wapi. Kwenye hizo Toyota za zamani, mshale uliolala E siku zote hata baada ya kujaza ni dalili ya waya uliokatika au soketi iliyochomoka. Uliosimama F siku zote ni dalili ya waya uliochubuka na kugusa bodi. Unaoruka, sasa robo, sasa nusu, sasa robo tena, ni ukanda ulioliwa au wenye kutu mahali boya linapopita mara nyingi.

Kwenye magari mengi madogo sensa ya tangi iko chini ya kiti cha nyuma, imefungwa pamoja na pampu. Kabla ya kufungua toa waya hasi wa betri, fungua milango yote, pasiwe na sigara wala simu inayochajiwa karibu. Ukiitoa, shika multimita kwenye nyaya zake na upandishe boya polepole kwa mkono. Namba zinapaswa kutembea bila kuruka. Zikiruka, safisha ukanda kwa spirei ya kusafishia swichi na pamba. Zikiendelea kuruka, nunua nyingine. Baadhi ya magari ya kuendesha magurudumu manne yana tangi lenye migongo miwili na boya kila upande, na geji huchanganya majibu ya yote mawili. Boya moja likifa, geji haishuki chini ya nusu au haipandi juu ya nusu.

Taa ya mafuta kwenye gari dogo huwaka zikiwa zimebaki lita 5 hadi 8. Kuzoea kutembea na taa hiyo kunaiua pampu, kwa sababu petroli ndiyo inayoipoza.

Oili: taa inayochelewa kusema

Wengi hudhani taa nyekundu yenye umbo la birika inasema oili imepungua. Hapana, inasema presha imekwisha. Swichi yake iko kwenye bloku ya injini, na kwa kawaida huzima taa presha ikishafika kilo 0.3 hadi 0.5 hivi. Injini kama 5A au 7A, ikinguruma bila kukanyagwa, inatakiwa isishuke chini ya kilopaskali 29 (kilo 0.3), na kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika iwe kati ya 245 na 490 (kilo 2.5 hadi 5). Linganisha: taa inawaka wakati presha iliyobaki ni sehemu ndogo sana ya inayotakiwa barabarani. Ukiiona ukiwa kwenye mwendo huna dakika tano. Beringi zinasaga chuma kwa chuma.

Zima, subiri dakika chache, chomoa kijiti cha oili. Oili ikiwa chini, ongeza na utafute inakopotelea. Ikiwa kwenye alama, usiwashe tena ili kuona. Funga geji ya mkono: fungua swichi ya oili, tundu lake kwenye magari mengi ya Kijapani lina nyuzi za 1/8, skrubu geji hapo, washa sekunde chache na usome. Presha ikiwa nzuri, swichi ndiyo mbovu, na ni spea ya bei ndogo. Presha ikiwa chini, chujio ndani ya sampu (bakuli la oili chini ya injini) limezibwa na oili iliyoganda, au pampu imechoka, au beringi zimelika. Taa inayowakawaka injini ikiwa ya moto na kutulia ukikanyaga kidogo ni hatua ya mwanzo ya hayo. Kuweka oili nzito zaidi kutaificha, hakutaiponya.

Kupima waya wa swichi hakuchukui dakika. Uchomoe, weka ON: taa izime. Uguse chuma: iwake. Ikiwaka waya ukiwa umechomolewa, waya umechubuka na unagusa bodi mahali fulani.

Betri na alteneta

Betri nzima iliyopumzika husoma volti 12.6 hivi. Ikisoma 12.0 iko karibu tupu. Injini ikiwaka, alteneta ikichaji, utegemee 13.8 hadi 14.5 kwenye ncha za betri. Ikizidi 15, regyuleta imeshindwa kuzuia, na itachemsha maji ya betri na kuunguza balbu. Baadhi ya magari mapya hushusha chaji makusudi ili kuokoa mafuta, hivyo pima taa za mbele zikiwa zimewashwa kabla ya kuhukumu.

Taa ya betri inayowaka hafifu, kama kaa linalozimika, mara nyingi ni dayodi moja ya alteneta. Na kwenye magari ya zamani taa hiyo si ya kuonyesha tu: umeme unaopita kwenye balbu yake ndio unaoamsha alteneta. Balbu ikiungua, alteneta nzima inakataa kuchaji, na watu wameuziwa alteneta mpya kwa kosa la balbu.

Mwendo

Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa inataka spidomita isisome chini ya mwendo halisi kamwe, na inaruhusu izidishe hadi asilimia 10 na kilomita 4 juu yake. Kwa hiyo ukiwa kwenye 80 halisi, mshale unaweza kusoma hadi 92 na gari likawa zima. Simu yenye GPS ikisoma pungufu ya dashibodi, usihangaike. Hangaika ikisoma zaidi, maana hapo huenda umefunga tairi kubwa. Tairi ya 175/65R14 ina kipenyo cha milimita 583. Ukiweka 185/70R14 unapata milimita 615, yaani asilimia 5 zaidi. Gari lililokuwa likisoma kwa usahihi, mshale ukiwa kwenye 80 sasa linakimbia 84, na tochi ya trafiki haitauliza ukubwa wa tairi.

Mshale ukifa pamoja na taa ya ABS kuwaka, anza na sensa za magurudumu. Ukifa peke yake na giaboksi ya otomatiki ikaanza kugonga inapobadilisha gia, tazama sensa ya mwendo kwenye giaboksi. Kwenye magari ambayo spidomita huzungushwa na kebo, mshale ukitetemeka, kebo imekauka au imepindwa. Ichomoe, paka grisi nyepesi, lakini sentimita 15 za mwisho upande wa dashibodi ziache kavu ili grisi isipande ndani ya mita.

Mishale inayoharibika pamoja

Mshale wa mafuta na wa joto ikipanda yote kupita kiasi, au ikilala yote, usiguse sensa. Hakuna sensa mbili zinazokufa saa moja. Kwenye Land Rover za Series na nyingi za rika lake kuna kidhibiti umeme nyuma ya dashibodi kinachoshusha volti 12 hadi wastani wa 10 kwa ajili ya geji hizo. Athi yake, yaani waya unaokiunganisha na bodi ya gari, ikilegea, geji zote hupokea umeme wote na kusoma juu. Kwenye magari mengine tazama fyuzi ya mita, kisha athi ya dashibodi. Dalili yake ni mishale kuyumba ukiwasha taa kubwa au indiketa. Weka multimita kwenye volti, ncha moja kwenye athi ya mita, nyingine kwenye hasi ya betri, washa taa zote: ikizidi volti 0.2, fungua boliti ya athi, kwaruza kutu hadi chuma king'ae, funga tena.

Kompyuta nayo inaweza kuulizwa moja kwa moja. Toyota za soko la Japani ambazo kifaa cha kusomea kompyuta ya gari kwa simu kinagoma kusoma, nyingi zina soketi ya uchunguzi chini ya usukani. Unganisha tundu la 4 na la 13 kwa kipande cha waya, weka ON, na uhesabu cheki injini inavyowaka. Mara mbili, kimya kifupi, mara mbili tena ni 22: sensa ya joto la maji. Mara nne kisha mbili ni 42: sensa ya mwendo. Kuwaka mfululizo kwa kasi moja ni kwamba hakuna kosa lililohifadhiwa.

Taa ya T-BELT kwenye Toyota za dizeli, kama Hilux za injini ya 2L na Prado za injini ya 1KZ, haina sensa kabisa. Huwaka mita ikihesabu kilomita 100,000, haijui kama belti imebadilishwa jana au haijawahi kuguswa. Kama kilomita za gari zilirudishwa nyuma kabla hujalinunua, taa hiyo itawaka imechelewa, pengine belti ikiwa imeshakatika. Kwa gari lisilo na kumbukumbu za matengenezo, badilisha belti kwanza, uandike kilomita na tarehe kwenye kifuniko chake kwa kalamu ya wino usiofutika.